Hofu Ilihama Upande Kabla ya Pointi Kuingia

Wacha nianze na ubishi. Kuna kitu tunaambiana kila wikendi, ati shabiki hulia kwa sababu timu yake imefungwa na hucheka kwa sababu imefunga. Yaani hisia zinafuata ubao wa matokeo kama ndama anavyofuata mamake. Mimi nabisha. Moyo wa shabiki huwa umeshafika mbele kabla matokeo hayajafika, na ushahidi wangu hautoki Kasarani wala Old Trafford. Unatoka Boston, Marekani, usiku wa tarehe 17 Oktoba 2004, kwenye mechi moja ya besiboli iliyoisha saa saba na dakika 22 za usiku. Ilichukua saa tano na dakika mbili. Ilipoisha, hapa Nairobi ilikuwa saa mbili na kitu asubuhi ya Jumatatu, watu wako darasani na wengine wamekwama kwenye jam, hakuna aliyejua wala kujali.

Najua. Besiboli. Usitoroke bado.

Kama uliwahi kucheza raunda shuleni, nusu ya mchezo unaijua tayari. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na gongo, aliyepiga anakimbia kutoka kituo hadi kituo. Vituo ni vitatu, na cha nne ni nyumbani, pale pale alipopigia. Akirudi nyumbani salama, hiyo ni pointi. Timu inaendelea kupiga mpaka watu wake watatu wawe auti, halafu wanabadilishana. Timu zote mbili zikimaliza zamu zao, hiyo ni awamu moja. Mechi ni awamu tisa, na wenyeji ndio hupiga wa mwisho.

Kitu kimoja tu ndicho nataka ushike: hakuna saa. Hakuna dakika 90, hakuna dakika za majeruhi, hakuna kipa wa kulala chini akishika goti mpaka muda uishe. Hata ukiongoza kwa pointi kumi, bado lazima umtoe mtu wa mwisho kwa mkono wako mwenyewe. Huu mchezo unamtesa anayeongoza. Hana muda wa kujificha nyuma yake.

Sasa wenyewe. New York Yankees na Boston Red Sox. Miji hii miwili imeachana kama kilomita 350 kwa barabara, na katikati yake kuna jimbo la Connecticut ambapo mashabiki wamegawanyika, unaweza kupata huyu wa Boston na yule wa New York wanakula meza moja. Fikiria Krismasi ya nyumba kama hiyo.

Mwaka 1918 Boston walichukua ubingwa wao wa tano. Yankees wakati huo hawakuwa na hata mmoja. Boston walikuwa na kijana anayeitwa Babe Ruth, mrushaji hatari ambaye pia alikuwa ameanza kuonyesha kwamba akishika gongo mpira unaweza kupotea kabisa. Mwisho wa 1919 mwenye timu, Harry Frazee, akamuuza kwa Yankees. Ruth akaenda New York akawa jina kubwa kuliko yote katika mchezo huo. Kufikia mwaka 2000 Yankees walikuwa na vikombe 26. Boston tangu 1918? Sufuri.

Wamarekani, hao hao ambao wangetucheka wakisikia mambo ya mganga kwenye mpira wetu, wakaanza kusema ni laana ya Ruth. Na ukiangalia orodha utawaelewa. Boston walifika fainali, ile wanaiita World Series, mwaka 1946, 1967, 1975 na 1986. Fainali hiyo huchezwa mechi saba, anayefika nne kwanza ndiye bingwa. Mara zote nne Boston walipoteza kwenye mechi ya saba. Zote! Ile ya 1986 ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kwenye mechi ya sita walikuwa wanaongoza kwa pointi mbili, wamebakisha auti moja tu kuwa mabingwa, hakuna mpinzani hata mmoja kwenye kituo. Wakapoteza. Pointi ya mwisho iliingia kwa mpira wa kuburuta chini uliopita katikati ya miguu ya mchezaji wao.

Mtu mzima aliyezaliwa Boston 1919 angeweza kuishi miaka 80, akasomesha watoto, akaona binadamu akitua mwezini, akafa, na asione timu yake ikishinda hata siku moja. Alichowaachia watoto ni ile tabia ya kungoja jambo baya. Ukiongoza, unangoja. Ukiongoza sana, unangoja zaidi. Upande wa pili New York waliwarithisha watoto kinyume chake: ukibaki nyuma, tulia, itakuja tu. Mashabiki wa Yankees walikuwa na wimbo mfupi wa kuwaimbia Boston uwanjani, nao ulikuwa ni ile namba peke yake, 1918, wakiigawa mara mbili na kuipigia makofi. Maze, kuna matusi ya kurefusha na kuna tusi la mwaka mmoja tu.

Oktoba 2003 wakakutana kwenye hatua ya kuamua nani aende World Series. Ikafika mechi ya saba, New York. Boston wakaongoza 5-2 hadi awamu ya 8. Kocha wao akamwacha mrushaji wake Pedro Martínez, ambaye kila mtu aliona amechoka, aendelee. Yankees wakasawazisha. Kwenye awamu ya 11 Aaron Boone akapiga mpira wa kwanza aliorushiwa ukavuka ukuta, mechi kwisha. Kocha hakurudi mwaka uliofuata. Na hicho kidonda ndicho kila shabiki wa Boston alikuja nacho 2004.

Mwaka huo wenyewe ulikuwa wa uhasama. Boston walikuwa karibu kumpata Alex Rodriguez, mmoja wa wachezaji bora duniani wakati huo, dili ikaanguka, na Februari akaenda wapi? New York, bila shaka. Tarehe 24 Julai Rodriguez na mdakaji wa Boston, Jason Varitek, wakashikana uwanjani mbele ya kamera, timu zote zikaingia kwenye vurugu. Mechi hiyo hiyo ikaisha kwa Bill Mueller wa Boston kupeleka mpira nje ya uwanja na kushinda 11-10, na aliyemrushia alikuwa Mariano Rivera. Shika hayo majina mawili, Mueller na Rivera.

Oktoba ikafika wakakutana tena, hatua ile ile. Mechi ya kwanza New York, ya pili New York. Pedro Martínez alikuwa amesema mwezi Septemba, baada ya kupigwa, kwamba abaki tu kuwaita Yankees baba yake. Usiwahi kusema kitu kama hicho mbele ya waandishi. Uwanja mzima ulimwimbia usiku kucha: baba yako ni nani, baba yako ni nani. Mechi ya tatu ikaenda Boston, tarehe 16 Oktoba, na Yankees wakashinda 19-8. Kumi na tisa! (Mashabiki wa Arsenal, hiyo ndiyo siku mlimpiga Aston Villa na kufikisha mechi 49 bila kufungwa kwenye ligi. Furaheni kidogo, wiki iliyofuata mnaijua.) Ikawa 3-0 kwa New York. Katika historia yote ya ligi kuu ya besiboli hakuna timu iliyowahi kuwa nyuma 3-0 kwenye mfululizo wa mechi saba na ikarudi kushinda. Hata moja.

Kwa hivyo tarehe 17, karibu watu 35,000 waliingia Fenway Park, uwanja mdogo wa 1912 wenye ukuta wa kijani wa mita kama 11 upande wa kushoto, wakijua wanaenda kuzika. Na mimi naamini huko ndiko hadithi hii inaanzia, kwa sababu watu wanaoenda kuzika hawaogopi. Wana huzuni, sawa, lakini hawaogopi. Hofu inataka kuwe na kitu cha kupoteza, na baada ya 19-8 Boston walikuwa wamekwisha kupoteza. Shabiki wa New York ndiye alikuwa na mali mkononi.

Mchezaji mmoja wa Boston, Kevin Millar, alitembea kabla ya mechi akiwaambia waandishi kwamba Yankees wasije wakawaacha washinde leo. Alieleza hesabu yake: kesho Pedro, keshokutwa Schilling, na mechi ya saba lolote linaweza kutokea. Watu walimwona kama mtu anayeongea sana matangani.

Awamu ya 3, Rodriguez akatoa mpira nje ya ukuta, 2-0 New York. Awamu ya 5 Boston wakaamka, wakapata tatu, 3-2. Kelele. Halafu kelele ikawa ile ya Boston, ya kungoja jambo baya, na jambo baya likaja upesi: awamu ya 6 Yankees wakachukua mbili, 4-3. Hizo mbili ziliingia kwa mipira midogo midogo isiyotoka hata eneo la ndani, aina ya pointi inayokufanya uhisi hata nyasi zinakuchukia. Nafupisha hapo kwa sababu kwa moyo wa shabiki sehemu hiyo yote ilikuwa ya kawaida. Boston wanaongoza, Boston wanapoteza uongozi. Imeandikwa hivyo tangu 1919.

Awamu ya 8, Yankees wakamleta Rivera.

Ngoja nikueleze huyu mtu. Mariano Rivera alitoka Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi huko Panama, babake mvuvi, na alipokuwa mtoto glavu zake zilikuwa za katoni. Kazi yake Yankees ilikuwa kufunga duka. Timu ikiongoza kidogo mwishoni, anaingia yeye. Alikuwa na mtindo mmoja tu wa kurusha, mpira unaokuja umenyooka kisha unakata kona sentimita chache karibu na gongo, na kila mpigaji alijua ndio unakuja na bado hakuweza. Kuna hesabu maarufu kumhusu: binadamu waliotembea mwezini ni 12, waliomfunga Rivera pointi ya halali kwenye mechi za mtoano, kwa maisha yake yote ya mchezo, ni 11. Kwa hivyo kwa shabiki wa New York, Rivera akiingia hujisikii kama mtu anayetumaini. Unajisikia kama mtu anayetafuta funguo za gari. Ni kweli alishawahi kupoteza, Arizona 2001, mechi ya saba ya World Series, lakini hilo watu walilikumbuka kama unavyokumbuka siku moja ya mvua mwezi wa Januari.

Awamu ya 9. Boston wanapiga wa mwisho. Nyuma 4-3. Auti tatu zimebaki na msimu umeisha.

Wa kwanza ni Millar, yule mwongeaji. Rivera akamrushia mipira minne nje ya eneo, na sheria inasema ukifanya hivyo mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Hajapiga chochote. Ubao ukabaki 4-3.

Nimeirudia hii awamu kwenye simu mara nyingi mpaka bando limelia, na kila mara ninachoangalia si wachezaji. Ni watu wa nyuma yao. Kabla ya hapo wamekaa, mikono mdomoni, wengine wameinamisha kichwa. Baada ya Millar kupewa kituo, wanasimama. Lakini sura hazijafurahi! Sura zimekuwa mbaya zaidi. Dakika mbili nyuma walikuwa na amani ya matanga. Sasa mtu amewarudishia tumaini, na tumaini kwa shabiki wa Boston wa 2004 ni kama kuamsha jino lililokuwa limelala. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo walipoumia zaidi usiku ule, na walikuwa hawajapoteza kitu. Walikuwa wamepata.

Kocha akamtoa Millar, ambaye hakuwa na mbio, akaingiza mtu wa kukimbia tu: Dave Roberts. Roberts alikuwa ameletwa Boston tarehe 31 Julai, na kwenye mfululizo huu hakuwa amepiga mpira hata mmoja, wala hakuja kupiga. Kazi yake ilikuwa moja, kuiba kituo cha pili: yaani kukimbia kabla mpira haujapigwa, mrushaji akiwa anarusha, na kufika kabla mdakaji hajautuma mpira pale. Msimu huo alikuwa amejaribu mara 41 na kufaulu 38. Kila mtu alijua ataiba. Rivera alijua. Mama wa kuuza soseji nje ya uwanja alijua.

Rivera akageuka akarusha mpira kituo cha kwanza ili amkamate. Roberts akajirusha chini, salama. Akarusha tena. Salama, kwa nafasi ndogo zaidi. Akarusha mara ya tatu. Roberts ameeleza baadaye kwamba zile mara tatu ndizo zilimsaidia. Alikuwa amekaa kwenye baridi awamu nane, mwili umelala, na Rivera mwenyewe ndiye aliyempasha moto.

Hiyo mara ya tatu ndiyo yangu. Kama kuna sekunde moja ambapo hofu ilitoka Boston ikapanda basi kwenda New York, ni hapo. Fikiria shabiki wa Yankees, yuko Bronx, yuko Connecticut na shemeji wa Boston kando yake. Timu yake inaongoza. Mrushaji bora wa kufunga duka katika historia ndiye ameshika mpira. Mfululizo ni 3-0. Lakini anaona Rivera, mtu ambaye hana habari na wapigaji, anageuka mara tatu kumwangalia mkimbiaji mmoja. Kwa nini anaangalia nyuma? Hilo swali likishaingia kichwani, hata ukipewa pointi nyingine mbili halitoki.

Rivera akarusha kwa mpigaji, na Roberts akaondoka. Mdakaji Jorge Posada akatuma mpira vizuri, upesi. Derek Jeter akaupokea na kumgusa. Mkono wa Roberts ulikuwa umeshafika kwenye kituo, tofauti ya kupepesa jicho. Refa akanyoosha mikono: salama.

Ubao ulisema nini? 4-3, New York. Hakuna kilichobadilika. Hata hivyo sikiliza sauti ya uwanja kwenye hiyo video halafu uniambie nani anaongoza.

Na mpigaji aliyekuwa amesimama pale ni nani? Bill Mueller. Yule wa Julai. Nadhani kuna mashabiki wa Yankees waliokumbuka hilo wakati huo huo na wakanyamaza, kwa sababu ukilitamka linakuwa kweli. Mueller akapiga mpira wa chini uliopita karibu kabisa na Rivera, katikati, ukaingia uwanda wa nyuma. Roberts akazunguka, akafika nyumbani. 4-4.

Hapo ndipo ubao ulipofika mahali ambapo mioyo ilikuwa tayari.

Kuna watafiti walichunguza hawa hawa watu baadaye. Mwaka 2011 Mina Cikara na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti ambapo mashabiki sugu wa Red Sox na wa Yankees waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakionyeshwa matukio ya mchezo. Timu yako ikifeli, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zinawaka. Mpinzani akifeli, inawaka sehemu ya raha, ile ile inayowaka mtu akipata zawadi. Na hii ndiyo iliniacha mdomo wazi: raha ilikuwepo hata mpinzani alipofeli dhidi ya timu ya tatu, Baltimore Orioles, ambayo haikuwahusu kabisa. Sasa usiniambie mtaani kwako hakuna mtu ambaye timu yake haichezi leo lakini amevaa jezi ya anayecheza na adui yake.

Kwa hivyo usiku ule, kitendo kimoja, mkono mmoja kwenye kituo kimoja, kiliwasha maumivu kwenye kichwa kimoja na raha kwenye kingine, labda kwenye kochi moja. Mimi huona tunakosea tukisema mashabiki wawili wametazama mechi moja.

Ungedhani baada ya 4-4 Boston walitulia. Wapi. Awamu hiyo hiyo ya 9 wakajaza vituo vyote vitatu, akaja David Ortiz, mpigaji wao mkubwa, uwanja mzima umesimama, kipigo chochote kidogo kinatosha. Akapiga mpira wa juu tu, ukadakwa. Nyuso zikarudi 1986. Halafu awamu ya 11, zamu ya New York, Yankees nao wakajaza vituo vyote. Mrushaji wa Boston wakati huo, Curtis Leskanic, hakuwa mtu ambaye mtoto angebandika picha yake ukutani. Bernie Williams akapiga mpira ukapaa kuelekea katikati. Ukadakwa. New York wakashika vichwa. Kila upande sasa ulikuwa umeona mlango wazi na umeona ukifungwa, na saa sita ya usiku imeshapita, na hakuna saa kwenye huu mchezo ya kuwaokoa.

Awamu ya 12, Manny Ramírez akapiga akafika kituo cha kwanza. Ortiz akarudi, huyo huyo aliyewaangusha awamu tatu nyuma. Paul Quantrill akarusha, Ortiz akauinua mpira upande wa kulia, ukavuka uzio ukaangukia eneo ambapo warushaji wa akiba wa Yankees hupashia misuli. 6-4. Saa saba na dakika 22.

Ukweli wa hesabu ni kwamba hakuna kilichokuwa kimetokea. Yankees bado walikuwa mbele 3-1 na walihitaji mechi moja tu kati ya tatu. Shabiki wa New York angeweza kwenda kulala vizuri. Hakulala vizuri. Mechi ya tano ilianza siku ile ile, Jumatatu jioni, ikaenda awamu 14, Rivera akaingia tena Boston wakasawazisha tena, Roberts tena ndiye aliyekimbia akafunga pointi ya kusawazisha, na Ortiz tena ndiye aliyemaliza. Mechi ya sita Curt Schilling alirusha kifundo cha mguu kikiwa kimeshonwa, soksi ina damu. Mechi ya saba, uwanjani New York, ilikuwa 10-3. Hiyo hata haikuwa mechi. Wazee wa Boston waliokuwa wanaangalia wakingoja jambo baya walingoja mpaka auti ya mwisho, na jambo baya likakosa nauli. Kisha World Series wakampiga St. Louis Cardinals mechi nne mfululizo.

Magazeti ya wiki ile yaliandika kuhusu watu waliokwenda makaburini. Walibeba bendera ndogo, kofia, kurasa za mbele za magazeti, wakaviweka kwenye makaburi ya baba na babu zao. Mimi nikifikiria besiboli hufikiria hao zaidi kuliko Ortiz. Unasimama mbele ya jiwe lenye jina la mzee, unamwambia matokeo. Unamwambia ya World Series, lakini naamini wengi walimsimulia kwanza ile awamu ya 9, kwa sababu ndiyo angeielewa. Angeuliza nani alikuwa anarusha. Wangemwambia. Asingeamini.

Tarehe 11 Aprili 2005 Boston waligawa pete za ubingwa Fenway Park kabla ya mechi, na kwa bahati ya ratiba wageni siku hiyo walikuwa Yankees. Ikabidi wasimame kando waangalie sherehe yote. Halafu mtangazaji akaanza kusoma majina ya wachezaji wa New York, mmoja mmoja, na uwanja ukawa unawazomea mmoja mmoja, kama kawaida. Akafika kwa Mariano Rivera. Watu wakasimama. Wakampigia makofi na vigelegele kwa nguvu, kama wa kwao, kumshukuru kwa msaada wake.

Rivera alielewa. Akacheka, akainua kofia, akawapungia.